Nilivyorudi Shela kwa miguu baada ya kubadilishwa goti

Jumamosi iliyopita baada ya sala ya alfajiri nilitoka nyumbani Langoni, hapa Lamu, nikafuata pwani hadi Shela, nikaendelea na mchanga mpaka jua likaanza kuchoma, kisha nikarudi kwa miguu yangu. Nina miaka 64. Goti langu la kulia ni la chuma na plastiki, niliwekewa mwanzoni mwa 2023. Naandika haya kwa sababu kila nikikaa barazani hakosi mtu wa kunisimulia jamaa yake aliyepasuliwa goti "akalemaa kabisa", na pembeni amekaa mwingine mwenye maumivu, anasikiliza na kuingiwa na hofu.

Goti liliharibika 2011. Tulikuwa tumetoka Matondoni kwa mashua, maji yamekupwa, nikaruka kama nilivyoruka tangu utotoni. Unyayo ukatua kwenye jiwe lenye mwani, mwili ukageuka, goti likabaki palepale. Nilisikia "ta!" kabla ya kusikia maumivu. Kufika usiku lilikuwa limevimba kama dafu. Nikapelekwa kwa mkandaji, akalichua kwa mafuta ya moto siku tatu mfululizo. Kila siku lilizidi kuvimba, nami nang'ata shuka nikiamini kwamba uchungu ule ndiyo dawa. Goti lililovimba hivyo lilitaka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na mguu uinuliwe juu ya mto. Barafu ya samaki ilikuwa tele pale dikoni, na hakuna aliyenambia. Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba siku ile kilichanika kile kitakia cha gegedu kinachokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi, na tangu hapo gegedu lililobaki likawa linalika kidogo kidogo.

Kufika 2019 nilikuwa silali. Nilipigwa picha nikiwa nimejinyoosha kitandani, nikaambiwa ni umri tu, nipumzike. Nikapumzika. Miezi mitatu kitandani na barazani, mguu umefungwa bendeji, watoto wananiletea chai. Huo ndio ushauri ulioniumiza kuliko kuruka kule. Mke wangu ni mshonaji. Siku moja alichukua futi yake ya kupimia nguo, akazungusha paja la kushoto, akazungusha la kulia, akarudia tena kwa sababu hakuamini: la kulia lilikuwa limepungua sentimita nne. Misuli ya paja kwa goti ni kama zile kamba zinazoushika mlingoti. Zikilegea, mlingoti wote unacheza, na kila kucheza kunakula pale pabovu.

Daktari wa pili, Mombasa, alinisimamisha kwanza ndipo akapiga picha. Ukisimama, uzito wa mwili hukandamiza, na ile nafasi kati ya mifupa huonekana ilivyo. Yangu upande wa ndani haikuwepo, mfupa ulikuwa umekalia mfupa. Kama umepigwa picha ukiwa umelala, omba upigwe nyingine umesimama, usione haya.

Alikubali kunipasua lakini akanipa miezi minne ya kurudisha paja. Nikawa nakaa kitini, mfuko wa mchanga umefungwa kwenye kifundo cha mguu, nanyoosha mguu mpaka uwe sawasawa, nahesabu kumi, nashusha taratibu. Mahamri nikaacha, sukari ya chai nikapunguza, nikatoa kilo saba. Kila kilo unayotoa mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, na mimi nilianza kuisikia tofauti kabla hata sijapasuliwa. Gharama ilipita laki sita. Bima ilibeba sehemu, kiwanja changu kidogo cha Mokowe kikabeba iliyobaki.

Kwenye upasuaji wenyewe nilichomwa sindano ya mgongo, kiunoni kwenda chini nikawa sina mwili. Nilisikia nyundo kama za mafundi wa Matondoni wakigonga mbao za jahazi, na sikuumia. Kesho yake asubuhi nilisimamishwa na kutembezwa hatua nane. Nilipewa dawa ya kuzuia damu kugandia mguuni, nikaimaliza yote.

Nilikaa kwa dada yangu Kibokoni, hukohuko Mombasa, hadi nyuzi zikatolewa na daktari akaniruhusu kusafiri. Kilichonikosesha usingizi ni gati la Mokowe, kule bara, unaposhuka basi na kupanda boti ya kuvukia Lamu. Maji yakiwa yamekupwa, pale unashuka vipandio vyenye utelezi halafu unarukia botini, na mimi kuruka nilikwisha kukujua. Basi safari nikaipanga kwa kufuata mwezi wa angani. Huku kwetu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mwezi ukiwa na siku kumi na tano au kumi na sita tangu kuandama, bahari hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja jioni, na basi linaloondoka Mombasa asubuhi hufika Mokowe karibu na wakati huohuo. Nikangoja siku tisa zaidi kwa ajili hiyo. Dada yangu alinung'unika, nikamwambia, "Dada, niache nisubiri maji yangu." Ndani ya basi nilichukua kiti cha kando ya njia ili mguu unyooke. Malindi, Garsen na Witu nilishuka nikatembeatembea. Tulipofika Mokowe bahari ilikuwa imejaa tele, ukingo wa boti uko sawa na gati, nikaingia kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango wake. Nahodha akaniangalia. "Mwalimu, umeipanga hii?" Nikamwambia nimeipanga.

Upande wa pili mtoto wa ndugu yangu alikuwa amesimama na punda. "Ami, panda, mimi namshika." Nilikataa. Kupanda punda kunataka goti lililokunjika vizuri, na punda akishtuka huna pa kujishika. Nilikwenda na magongo yangu kupitia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, nikipumzika kwenye baraza tatu, na kila baraza nilipewa maji.

Mwezi mzima nililala chumba cha chini, nisipande ghorofani. Ngazi za nyumba zetu ni kali, na mtu aliye na goti jipya azipande hivi: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mguu mgonjwa. Seremala alinitengenezea kiti cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Kusali, nikasali kitini.

Kazi kubwa ilikuwa kukunja. Daktari alisema nisipofika digrii 90 itabidi nilazwe usingizi, goti likunjwe kwa nguvu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na kitu, na ndani ya sanduku nilikuwa na kipimapembe kikubwa cha mbao cha kuchorea ubaoni. Nikavaa soksi ili kisigino kiteleze kwenye saruji ya baraza, nikazungusha kikoi kwenye unyayo, nikawa nakivuta kuelekea kwangu mpaka meno yanagongana, nahesabu thelathini, naachia. Mjukuu wangu wa miaka kumi aliweka kitovu cha kipimapembe kando ya goti, akafumba jicho moja, akasoma, kisha akaandika ukutani kwa chaki. 68. 70. 70. 73. Mara nne kwa siku, nusu saa baada ya kumeza dawa ya maumivu, kwa sababu ukivuta kabla haijafanya kazi utavuta kidogo na kujidanganya. Wiki ya sita niliona mambo yananyooka, nikaingia kwenye mchanga mkavu wa Shela, kwa dakika ishirini tu. Goti likavimba, na siku tatu zilizofuata mtoto akaandika 69. Nilitazama ile namba nikanyamaza. Barafu, mto, kikoi. Wiki ya nane akapiga kelele nyumba nzima ikasikia: 92.

Kidonda kilipofunga kabisa, na daktari akakubali kwa simu, nikaanza kutembea ndani ya bahari. Maji yakikufika kiunoni hukubebea karibu nusu ya uzito wako, kwa hiyo paja linafanya kazi na goti halilemewi. Kidonda kikiwa bado wazi, usiiguse bahari. Mchangani natembea maji yakiwa yamekupwa, pale chini palipo pagumu na tambarare. Juu kwenye mteremko mguu mmoja hukaa chini kuliko mwenzake, na goti huanza kulalamika kabla hujafika mbali. Sasa linakunja 118. Kwenye mashua nasubiri waniwekee ngazi, hata kama vijana wana haraka.

Kipimapembe hakiko kwangu sasa. Kiko kwa jirani yetu, mama mmoja aliyefanyiwa mwezi uliopita, na mjukuu wangu huenda kumpimia kila akitoka shule. Jana alikuwa 84.