Bampa ya Nyuma na Jumamosi Mbili

Nilipoivalisha Land Cruiser 80 yangu matairi makubwa zaidi, ya saizi 285/75R16, tairi la spea likawa linakaa kwa shida chini ya gari na kuning'inia. Kwa mtu anayepita makorongo ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, huko ni kuburuta jembe. Nikanunua bampa ya chuma iliyotumika, yenye mkono wa kubebea spea nyuma ya milango. Karatasi ya maelekezo haikuwepo.

Kufungua ya zamani sitakusimulia sana. Bolti nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, moja ikakatika hata hivyo, nikaitoa kwa drili. Baada ya hapo nilisugua chesi kwa brashi ya waya na kupaka praima, maana ukishafunga bampa hutapaona tena.

Makosa yangu yalianza hapo. Niliinua bampa kwa jeki ya troli nikiwa nimetanguliza ubao juu yake, nikaingiza bolti za kulia, nikazikaza kwa nguvu zote. Kushoto matundu yakapishana. Nikachukua nyundo. Fundi jirani yangu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akinitazama, akasema, "Kaka, legeza zote. Bampa bado haijakaa, wewe unaifunga."

Tukalegeza. Bolti zote ndani, nati zimeshikwa kwa vidole tu, bampa inacheza juu ya jeki. Tukapima kwa tepu kutoka kila pembe hadi ukingo wa bodi: kushoto milimita 22, kulia 9. Pimamaji sikuitumia, kwa sababu uwanja wangu wenyewe umeinama. Gari lenyewe ndilo kipimo. Matundu ya vishikio ni marefu, kwa hiyo upana ulirekebishika kwa kusukuma. Urefu ulihitaji kipande cha bati la milimita 3 kati ya kishikio na chesi upande wa kushoto. Nadhani gari liliwahi kugongwa nyuma kabla halijafika kwangu.

Mimi nilitaka bampa ibane bodi, ipendeze. Fundi akakataa. Bodi ya gari hili imekalia raba juu ya chesi, na bampa inashikwa na chesi. Gurudumu moja likizama korongoni, bodi na chesi havisogei kwa pamoja, na chuma kitakula bodi. Tukaacha nafasi ya milimita 15 pande zote. Kwa macho yangu bado ni pana, lakini rangi iko salama.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya ule mkono. Unazunguka juu ya beringi mbili. Nilizisafisha, nikazijaza grisi, nikakaza nati mpaka mchezo ukaisha huku mkono ukizunguka bila kukwama, kisha nikaongeza nati ya kufungia. Nikarekebisha kufuli ikafunga vizuri kabisa, mlio mmoja. Halafu nikapachika spea, karibu kilo 40 pamoja na rimu, na mkono ukashuka. Kufuli haikukutana na ndoano yake tena. Kazi ya asubuhi nzima nikaifumua, nikarekebisha upya tairi likiwa juu yake, ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kile kitegemeo ambacho mkono hukipanda unapofunga nikakiinua kidogo, ili uzito ulale pale na usiachiwe beringi peke yake.

Kabla ya kukaza kwa mwisho tulifungua milango yote miwili tukipitisha karatasi ngumu chini yake. Haikukwama. Tukakaza kwa kupokezana kulia na kushoto, na kila nati nikaichora mstari wa rangi nyeupe hadi kwenye chuma.

Hiyo mistari ndiyo iliyonisaidia. Baada ya barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati la nyumba, nililala chini ya gari Engaruka na kukuta nati mbili za kushoto, kwenye kile kipande cha milimita 3, zimezunguka karibu robo. Nilizikaza palepale, na niliporudi nyumbani nikaziondoa na kuweka zenye plastiki ndani. Safari tatu sasa mistari haijaachana. Taa ya pleti namba tu ndiyo inazimika kila nikifungua mkono, kwa sababu waya niliukata mfupi.