Bwawa la sato nyuma ya nyumba: nilivyopunguza mwani

Maji yalikuwa kijani kizito, na alfajiri samaki walipanda juu kuhema. Mwani, yaani mimea midogo sana inayoyapa maji ukijani, hutoa oksijeni mchana, usiku huivuta. Kabla ya jua kuchomoza hewa huwa imepungua kabisa.

Kubadilisha maji yote hakukusaidia, ukijani ulirudi. Mrututu, ile chumvi ya shaba ya kuua mwani, niliuacha: mwani ukifa wote kwa mpigo huoza na kumaliza hewa iliyobaki.

Kilichofanya kazi: samadi nilisimamisha, chakula nikapunguza hadi kile wanachomaliza ndani ya dakika 10, nusu ya bwawa nikaifunika wavu wa kivuli. Kisha kila baada ya siku tatu nikawa natoa humusi moja ya maji kwa mpira uliolala chini kabisa, penye tope jeusi. Hapo ndipo penye siri: ukichota ya juu, mbolea inabaki palepale. Mdomo wa mpira kata mshazari, la sivyo unanasa kwenye turubai lililotandikwa chini ya bwawa. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke.

Pima kwa kisahani cheupe kwenye fimbo. Kikipotea machoni kwenye sentimita 30 hivi, tosha. Sato nao hula mwani. Kikipotea kabla ya 20, usilishe siku hiyo.