Mapaja yangu na kilima cha Mwanga

Jumapili moja mwezi uliopita nilikimbia kutoka stesheni hadi Mwanga mara sita, kupanda na kushuka, kasi kweli kweli. Jumatatu asubuhi nikachuchumaa chooni, kuinuka nikashindwa mpaka nikashika ukuta. Mapaja yamekaza kama mbao. Mama akaniambia mwanangu pumzika, mi nikang'ang'ania nikarudi kilimani jioni ileile, na hapo ndo nilipokosea maana baada ya hapo wiki nzima sikukimbia.

Nimesoma sana tangu siku ile na wenzangu tunaokimbia hapa Kigoma naomba mnisikilize. Ukikimbia kwa nguvu misuli inachemka, joto ndani ya paja linaweza kupita nyuzi 40, na seli zimejaa protini ambazo lazima zikae zimekunjwa kwa umbo lake ndo zifanye kazi. Angalia ute wa yai kikaangoni, unaanza majimaji unaona mpaka chini, mara umekuwa mweupe na haurudi tena, ile ni protini imekunjuka ikagandana. Kwenye misuli hatufiki huko ila zinaanza kulegea, na siyo joto peke yake, nyuzi za misuli nazo zinaumia hasa unaposhuka kilima, maana paja linavutwa huku linafunga breki.

Hapo ndo zinaingia protini za mshtuko wa joto, yaani zile ambazo seli inazitengeneza ikipata shida ili zilinde protini nyingine. Mtaliano Ferruccio Ritossa alitangaza dalili zake mwaka 1962, mashine walimowekwa nzi wa matunda ilikuwa imepandishwa joto bila kukusudia, akakuta kromosomu zao, zile nyuzi zinazobeba jeni, zimevimba sehemu ambazo hakuzitegemea, ishara kwamba jeni za hapo zimewashwa. Inayotajwa sana ni HSP70, HSP ni kifupi cha jina lake la Kiingereza na hiyo 70 ni uzito wake, kama kilodaltoni 70, kipimo cha uzito wa molekuli. Inashika protini iliyolegea isigandane na nyingine, inaisaidia ijikunje upya, na iliyoharibika kabisa inapelekwa kuvunjwavunjwa. Kwa panya waliokimbizwa maabara zimeongezeka mpaka kwenye moyo, na mioyo yao ikastahimili zaidi ilipokatiwa damu halafu ikarudishiwa. Mi hilo lilinigusa sana, yaani mtu unahangaika na miguu kumbe na moyo unajengewa ulinzi.

Lakini hazijai papo hapo jamani. Amri ya kuzitengeneza inatoka mapema, ila kwenye misuli yetu zinaendelea kuongezeka siku kadhaa baada ya zoezi, na mimi Jumatatu ile nilienda kuzivuruga kazi ikiwa ndo kwanza imeanza. Ukizipa nafasi, kilima kilekile mara ya pili kinauma kidogo tu, na hizi protini wanazitaja kama mojawapo ya sababu.

Juzi nimepanda mara tatu, kushuka nikatembea. Leo nilikuwa Kibirizi namsaidia mama kuanua dagaa, nimechuchumaa mchangani karibu saa nzima na nimeinuka bila kushika kitu. Kilimani narudi Alhamisi.