Laki Moja Inakutosha?

Mwaka 2014 niliitwa kwenye usaili wa karani wa stoo, kampuni moja ya vipuri vya magari kule Barabara ya Nyerere, jirani na Tazara. Niliambiwa saa mbili asubuhi. Saa moja na robo nilishafika, bahasha ya kaki kwapani, tai ya binamu shingoni. Majibu nilikuwa nimeyakariri usiku kucha.

Walikuwa watatu. Mzee wa pembeni akafungua: "Haya, jieleze." Nikaanzia Lushoto nilikozaliwa, mtoto wa tatu kati ya sita, shule ya msingi, baba kuhamia Muheza. Alipotazama saa yake mara ya pili ndipo nikashtuka kwamba nimefika kidato cha nne na stoo sijaigusa.

Ya kazi niliyaweza. Kadi za stoku, kuhesabu mzigo, bidhaa iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Yote nikayajibu mpaka tai nikaisahau.

Kisha mama aliyekaa katikati, ambaye muda wote alikuwa akiandika tu, akaweka kalamu chini.

"Mdogo wangu, unataka mshahara kiasi gani?"

Hilo ndilo nililolifanyia mazoezi kuliko yote. "Chochote mtakachoona kinafaa, mama. Mimi shida yangu ni kazi."

"Laki moja inakutosha?"

"Inatosha, mama."

Wale wawili wakatazamana. Feni ya darini ilikuwa inakwaruza kila ikimaliza mzunguko, nikawa naihesabu.

"Kima cha chini cha serikali kwa biashara kama yetu ni 115,000 tangu mwaka jana," akasema, wala hakuwa mkali. "Nimekutajia pesa ambayo hata siruhusiwi kukulipa, nawe umekubali. Kesho dereva akikuletea mzigo pungufu, akakwambia utatosha, utasaini?"

Nikasema hapana, mama, lakini hata mimi sikujiamini.

Kwetu mtoto akiulizwa kama aongezewe nyama husema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma. Adabu hiyo hiyo ndiyo niliyoibeba mpaka mbele ya watu wanaotafuta mtu wa kubishana na madereva wa malori.

Wakanishukuru, wakasema watanipigia.

Kituoni Tazara nilikaa juu ya tofali, nikageuza bahasha, nikaanza kuandika mgongoni mwake. Chumba Mbagala, 30,000. Nauli, 22,000. Chakula, sabuni, vocha, ya kumtumia mama. Gari la Rangi Tatu likaja, konda akapiga bodi, likaondoka sikunyanyua kichwa. Jumla ikaja 243,000. Nikaipigia mstari chini mara mbili, kama vile yule mama bado yuko mbele yangu anasubiri.

Simu haikupigwa. Bahasha ninayo mpaka leo, na kila nikiisoma naona nilisahau kuandika umeme.