Funksheni moja ya ukaguzi, draiva kibao zinaitegemea
Jana nimeshinda napitia funksheni ya ukaguzi ambayo draiva kadhaa (programu za kuendesha vifaa vya kompyuta) zinaitumia kwa pamoja, ile inayoangalia kama ofseti (mahali pa kuanzia) na urefu wa data alioleta mtumiaji vinaenea ndani ya bafa (eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa data hiyo), na ukiiangalia haraka iko poa kabisa, ofseti jumlisha urefu, ikizidi saizi kataa. Sasa weka ofseti 4294967280 na urefu 32 kwenye namba za biti 32, jumla inapita kikomo cha 4294967295, inazunguka inarudi 16, bafa ni ya baiti 4096, ukaguzi unapita na draiva inaandika kwenye kumbukumbu isiyo yake! Dawa yake ni kutoa badala ya kujumlisha: hakikisha kwanza ofseti haijazidi saizi, halafu urefu usizidi saizi toa ofseti.

Kingine kilichoniuma zaidi, draiva moja inausoma urefu, inaukagua vizuri tu, halafu inakuja kuusoma tena kwa mtumiaji wakati wa kunakili data, na hapo katikati uzi mwingine (thread, sehemu ya programu inayokwenda sambamba) unaweza kuubadilisha. Nakili mara moja, kagua nakala, tumia nakala hiyohiyo. Ndo maana sipitishi badiliko la funksheni ya pamoja kabla sijafungua kila draiva inayoiita, hata ikinila siku nzima.