Siku moja ndani ya reflekta ya njano, uwanja wa ndege Mtwara

Mtaani kwetu Chikongola watoto wananiita rubani, wakubwa wananiita kuli. Wakubwa wamekaribia. Kazi yangu iko pale ndege inaposimama: naweka kabari kwenye magurudumu, napakia mizigo, nampungia rubani mikono ajue pa kuishia. Kwenye baraza la kahawa nina cheo kingine, Jenerali, kwa sababu simu yangu imejaa habari za ndege za kivita.

Saa 10 na nusu alfajiri. Maji ya baridi, chai ya rangi, muhogo wa jana, bodaboda.

Saa 12. Kazi ya kwanza ni kuinama. Tunapita maegesho yote tukiokota kokoto, misumari na vizibo vya soda, maana kijiwe cha ukubwa wa korosho kikivutwa na injini, hasara yake mshahara wangu wa maisha haulipi. Mabaharia wa manowari za kubeba ndege nao hupanga mstari bega kwa bega wakaokota hivihivi. Tofauti ni kwamba wao wengi, sisi wanne.

Leo kulikuwa na kindege cha kukodi kilicholala. Nikakivua vifuniko vyake vyekundu, nikahesabu: vitano. Hapo sina utani. Novemba 2021 ndege ya kivita ya Uingereza aina ya F-35B ilitaka kuruka kutoka manowari yao HMS Queen Elizabeth, nguvu zikapungua, ikadondoka bahari ya Mediterania. Rubani alijifyatua akapona. Uchunguzi ukakuta kifuniko kilisahauliwa kwenye mdomo wa injini.

Saa 2 ndege ya asubuhi ikaja, ikaondoka.

Saa 5 tukaanza ugomvi wetu wa kila siku: kampuni mbili, trekta moja la kuvuta mizigo. Wenzetu wakilichukua hulirudisha tangi kavu, na wao wanasema wanaofanya hivyo ni sisi. Tukavuta toroli kwa mikono, jua la Mtwara utosini.

Saa 6 mchana simu ikatoka Dar: ndege ina hitilafu, itachelewa. Aliyevaa reflekta ndiye mwenye ndege, abiria wote wanajua hivyo. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa korosho mstaafu kutoka Newala, akanifuata na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndege yangu iko wapi, njomba?"

Nikaeleza. Akakaa, akainuka, akarudi. Mara ya tatu, ili nimtulize, nikafanya kosa la kumwambia habari ya Waingereza: Juni 2025 F-35B yao ilitua kwa dharura Thiruvananthapuram, kule Kerala, India, ikapata hitilafu ya haidroliki, ikakaa pale zaidi ya wiki tano.

"Kwa hiyo na mimi nikae hapa wiki tano? Harusi ya mjukuu Jumamosi!"

Watu wakacheka. Mzee akavuta kiti, basi ikawa baraza. Nikamsimulia na ya kifuniko. Akauliza, meli ile ni kubwa? Tani 65,000, nikamwambia. Akauliza, na ndege zake ngapi? Nikamwambia haina zake. Ndege wanashirikiana Jeshi la Anga na Jeshi la Wanamaji, kambi moja, Marham. Kikosi cha 617 ni cha anga, cha 809 ni cha wanamaji, na marubani wanachanganyika.

"Kama trekta lenu," akasema. Alikuwa amesikia kelele zetu zote.

Nilitaka kubisha nikashindwa. Zamani Waingereza walishirikiana ndege za kivita za Harrier vilevile. Mwaka 2010 serikali ikaamua kuziondoa, na 2011 ikawauzia Wamarekani 72 za kunyofolewa vipuri. Mwaka huohuo wa 2010 wakaamua kununua F-35C, ya kurushwa kwa mtambo wa manati. Walipoona gharama ya kuuweka mtambo melini, 2012 wakarudi kwenye F-35B, inayoruka mbio fupi na kutua wima. Mwaka 2021 Queen Elizabeth ilipofunga safari yake ndefu ya kwanza, juu yake kulikuwa na ndege nane za Uingereza na kumi za Marine, kikosi cha Marekani kilicho mbali na jeshi lao la wanamaji.

"Mwenye nyumba ana watoto wanane, mgeni kaja na kumi," mzee akasema. "Wali anakula nani?"

Akataka kujua kwa nini kila jeshi lisinunue zake. Hesabu, mzee. Wahindi, kwa mfano, jeshi lao la anga lilikuwa na ndege za kivita za Rafale 36. Wanamaji walipotafuta za kwao, Aprili 2025 wakasaini Rafale 26 za Mfaransa huyohuyo, mafunzo na vipuri visianze upya. Na hata hapo, nne kati ya hizo ni za viti viwili, hazitui manowarini. Waingereza nao Juni 2025 walitangaza ndege 12 za F-35A kwa jeshi la anga, na hiyo kwenye meli zao haitui kabisa.

"Hapo ndipo wataanza kufichana funguo," akasema. Huyu mzee angefaa kuwa msimamizi wetu.

Sikumbuki vizuri saa zilizofuata. Miguu ilivimba ndani ya buti, mama mmoja alilia kwa ajili ya kliniki Dar, wenzetu wakaleta trekta bila kuombwa, lina mafuta. Jioni hivi ndege ikaonekana upande wa bahari. Kabari, mizigo, begi la mzee zito kama limejaa mawe. Korosho, bila shaka.

Kwenye ngazi akasimama, watu wakasongamana nyuma yake.

"Njomba! Vifuniko umehesabu?"

Ndege ya abiria inayofika na kugeuza palepale haivalishwi vifuniko. "Vitano, mzee," nikamjibu. "Vyote ninavyo."