Changu wa Mshipi: Siku Klabu Yetu Ilipochapa Samaki Malindi

Klabu ya utamaduni wa Kijapani ya chuo chetu Malindi ilikuwa na shughuli nyingi. Wako waliokuja kukunja karatasi, wako waliopenda kuandika kwa brashi, na wako waliongojea siku ya mapishi. Wali wa kufinyanga tuliutia siki ya mchele, sukari na chumvi tu. Mvinyo wa mchele ambao wapishi wengine huuongeza tuliuacha kabisa, kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu, na wali haukupungukiwa ladha. Lakini shughuli iliyotukusanya sote ni gyotaku, kumchapa samaki halisi kwenye karatasi kwa wino. Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile tuliyoteremka na meza zetu hadi ufuoni wanakopandisha samaki, msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na vyombo vikitoka kila alfajiri. Siku hiyo ndipo tulipopata jibu la doa jeupe lililokuwa likitokea kwenye chapa zetu mahali pale pale, nyuma ya shavu la samaki.

Gyotaku ilianza kama kumbukumbu ya mvuvi. Aliyepata samaki wa kujivunia alimpaka wino, akamlazia karatasi, akawa na ushahidi, kisha samaki akaoshwa na kuliwa. Chapa ya zamani zaidi inayojulikana ni ya mwaka 1839, nayo imetunzwa Tsuruoka, mji wa jimbo la Yamagata nchini Japani. Zamani mji huo ulikuwa makao ya watawala wa Shonai, ambao waliwahimiza samurai wao wavue samaki ili kukomaza mwili na moyo. Thamani ya chapa ni kwamba urefu hauwezi kutiwa chumvi: samaki wa sentimita 40 hutoka sentimita 40. Kimo, yaani kutoka mgongoni hadi tumboni, ndicho huzidi kidogo, maana karatasi hufuata mviringo wa ubavu kisha hunyooshwa. Ukitaka kupima kutoka kwenye chapa, pima kuanzia mdomo hadi mkia.

Sensei, mwalimu wetu aliyetoka Japani, alikuja na karatasi ya washi iliyotengenezwa kwa nyuzi za gome la mti uitwao kozo. Nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana karatasi hiyo ni nyembamba lakini haichaniki upesi hata ikilowa. Karatasi ya kawaida ya kutolea nakala haifai. Ni ngumu, haikubali kulala juu ya mwili wa samaki, nayo hujikunja na kuacha mistari myeupe. Washi ni ghali, kwa hiyo mazoezi tuliyafanya kwa bafta nyeupe. Bafta hufaa sana, mradi ifuliwe kwanza kwa maji moto na sabuni ili wanga wa kiwandani utoke, halafu ipigwe pasi. Ukiichapa ikiwa na wanga wake, wino husimama juu juu na kukwajuka unapoigusa.

Wino ni sumi, yaani masizi yaliyochanganywa na gundi. Kijiti cha wino kinachosuguliwa na maji juu ya jiwe tulikiweka kwa ajili ya maandishi, na kwa samaki tulitumia wino wa chupa. Vitu vingine vilikuwa vya kawaida: brashi bapa mbili, brashi moja nyembamba ya jicho, pamba, karatasi za chooni, pini, udongo wa mfinyanzi, siki, chumvi ya mawe, na kifuniko cha boksi jeupe la kubebea samaki, ambacho hushika pini vizuri.

Sasa samaki. Si kila samaki hutoa chapa nzuri. Wanaofaa ni wale wenye ubavu bapa na magamba makubwa yanayoonekana: changu na pono. Kibua ana magamba madogo mno, chapa yake hutoka kama kivuli cheusi kisicho na kitu ndani. Tafi ana umbo zuri, lakini ana miiba 13 ya mgongoni na mingine 7 nyuma ya tumbo, achilia mbali ile ya mapezi ya chini, na yote ina sumu hata akiwa amekufa. Anayetaka kumchapa tafi aikate miiba kwa koleo kabla hajaanza kukandamiza karatasi kwa vidole. Aliyechomwa atie mkono kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuyastahimili bila kuungua, maumivu hupungua. Siku hiyo tulimwacha tafi, tukanunua changu watatu kwa mchuuzi.

Kazi kubwa ya gyotaku iko kwenye kumwandaa samaki, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosa subira. Samaki ana ute, na juu ya ute wino hauna pa kushika. Tulimsugua kila changu kwa chumvi, taratibu, kutoka kichwani kwenda mkiani ili magamba yasing'oke, tukamsuuza, tukampitishia siki, tukamsuuza tena. Hatua hizo hurudiwa mpaka kidole kikipita ubavuni kisiteleze. Kisha hukaushwa kwa kitambaa, hata chini ya mapezi na ndani ya mdomo. Unyevu ukibaki popote, wino hutawanyika na kutengeneza wingu la kijivu.

Maji ya mwilini ndiyo adui mwingine. Samaki akikandamizwa hutoa maji mdomoni, kwenye matamvua na kwenye tundu la haja. Kote huko huzibwa kwa pamba, na kipande cha karatasi ya chooni hukunjwa na kusukumwa chini ya kifuniko cha shavu. Samaki aliyegandishwa kisha akayeyuka huvuja zaidi kuliko mbichi. Aliyekauka akiwa amepinda ndani ya ndoo hatanyooka tena bila kuvunjwa, kwa hiyo alazwe sawasawa juu ya barafu tangu mwanzo.

Tulichimba umbo la samaki kwenye kifuniko cha boksi ili nusu ya mwili izame, mapezi yakawa sawa na uso wa boksi. Kila pezi lilifunguliwa, likategemezwa kwa udongo kwa chini na kushikwa kwa pini, miiba ya mgongoni ikisimama kama inavyosimama samaki akiwa hai. Pini huondolewa kabla tu ya kuweka karatasi, maana iliyosahauliwa hutoboa washi papo hapo.

Meza zetu zilikuwa chini ya mti wa mkungu. Kivuli ni lazima: juani wino hukauka kabla karatasi haijafika. Upepo nao unataka mtu wa kushika kila pembe. Wino hupakwa kwa wembamba, kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha mara moja kinyume, kwa mkono mwepesi, ili uingie chini ya kingo za magamba. Jicho haliguswi. Wino ukimwagika kwenye boksi hufutwa, la sivyo samaki atatoka amezungukwa na matope. Washi ilinyunyiziwa maji kidogo sana, ikawa na unyevu wa nguo iliyo tayari kupigwa pasi, ikashushwa kuanzia katikati ya ubavu. Mkono mmoja hubaki hapo bila kuondoka, na vidole vya mwingine hukandamiza kuelekea kichwani, mgongoni, tumboni, na mwisho mapezi moja moja. Karatasi ikisogea hata kwa upana wa ukucha, magamba hutoka mawili mawili.

Chapa ya kwanza karibu kila mara huwa nyeusi kupita kiasi. Ya pili, bila kuongeza wino au kwa kuongeza kidogo tu, ndiyo huonyesha mistari ya magamba na ule mstari wa ubavuni. Tuliibandua polepole kuanzia mkiani. Mapezi yalitoka safi, kichwa kilitoka safi, lakini nyuma ya shavu palikuwa na ukanda mweupe wenye madoa, unene wa kama vidole viwili, kutoka mgongoni hadi kifuani. Changu wa pili alikuwa vivyo hivyo. Sensei alidhani ni ute uliobaki, akamsugua tena yule wa tatu kwa chumvi na siki. Ukanda ukatokea tena vile vile.

Wavuvi walikuwa wameanza kutuzunguka. Mzee mmoja, ambaye kila mtu pale alimwita babu, aliinama juu ya chapa, akaweka kidole kwenye ule ukanda bila kugusa karatasi.

"Mwalimu, huyu samaki mmemtoa wapi?"

"Tumemnunua kwa mchuuzi, babu."

"Kaingia wavuni huyu. Uzi umemkaba hapa. Mnachapa wavu, wanangu, hamchapi changu."

Tulimgeuza samaki kwenye mwanga, na kweli, mahali pale magamba yalikuwa yamechubuka. Babu akatueleza akionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Samaki hupitisha kichwa kwenye jicho la wavu, mwili ukifika mahali mnene unakwama. Hawezi kwenda mbele, na akirudi nyuma uzi unanasa kwenye kifuniko cha shavu. Kadiri anavyojitupa ndivyo uzi unavyokwangua magamba pale pale. Ngozi tupu haina kingo za kushika wino, tena hutoa unyevu, ndiyo sababu chumvi na siki hazikusaidia. Akaendelea: samaki wa malema, ile mitego ya fito, huchubuka pua na ncha za mapezi kwa kujigonga kwenye fito, aliyechomwa mkuki huvuja, na aliyelaliwa na wenzake ndani ya tenga hupoteza magamba ya ubavu wa chini. Kwa hiyo ubavu wa kuchapa ni ule uliokuwa juu. Yote hayo aliyajua kwa kutazama samaki sokoni na kukadiria bei. Sisi tulikuwa tumeyaona kwenye karatasi mwezi mzima bila kuyasoma.

Akamwita kijana aliyekuwa akishusha samaki kutoka kwenye mashua, akamwagiza changu wa mshipi, yaani aliyevuliwa kwa ndoana. Aliyeletwa alikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, amevuliwa nje ya mipaka ya Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Malindi, ambamo uvuvi hauruhusiwi. Jeraha lake pekee lilikuwa tundu la ndoana mdomoni. Babu hakukubali ashikwe tumboni. Alimshika kwa taya na kwenye shina la mkia, akamlaza juu ya gunia lililolowa. Pamba ndogo iliziba tundu la ndoana, na kazi ikaanza upya kuanzia chumvi.

Chapa ya pili ya changu huyo ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye klabu yetu. Magamba yalihesabika safu kwa safu, mstari wa ubavuni ulipinda bila kukatika, na mashavu, ambayo kwa changu hayana magamba, yalitoka laini, tofauti na mwili. Wavuvi walimtambua kabla jicho halijachorwa, wakaanza kubishana kuhusu mwamba aliotoka.

Jicho huchorwa kwa brashi nyembamba wakati karatasi imekauka: duara la nje, mboni nyeusi, na nukta moja iachwe nyeupe upande wa juu. Bila nukta hiyo samaki huonekana mfu. Kisha huandikwa tarehe, mahali, jina la samaki, urefu wake na jina la mvuvi. Sensei aliandika kwa Kijapani, mistari ikishuka kutoka juu, wa kwanza ukiwa kulia. Babu akaomba brashi, akaandika jina lake na la mashua kwa herufi za Kiarabu, naye akaanzia kulia. Maandishi yao yakakutana juu ya mgongo wa changu, na Sensei akagonga muhuri wake mwekundu chini.

Karatasi iliyochapwa hukauka ikiwa na mikunjo, na dawa yake ni kuibandika juu ya karatasi nyingine. Uji wa wanga wa ngano, sehemu moja ya wanga kwa sehemu tano za maji, hupikwa kwa moto mdogo ukikorogwa mfululizo mpaka ung'ae, ukapoa, ukachujwa, ukaongezwa maji hadi kuwa mwepesi kama maziwa. Chapa hulazwa kifudifudi, hunyunyiziwa maji na kunyooshwa kwa brashi kavu, kisha karatasi ya pili iliyopakwa uji hulazwa juu yake, na zote mbili hubandikwa kingo kwenye ubao mpaka zikauke na kukazika. Hakikisheni wino umekauka siku nzima kabla ya hapo. Kwa hewa ya pwani hata siku mbili si nyingi, na msimu wa kusi tuliongeza ya tatu. Uji uliolala usitumike, maana huota ukungu ndani ya karatasi na hautoki tena.

Changu alioshwa, akaparwa magamba, akavuliwa ngozi, akakaangwa pale pale ufuoni. Kabla hatujapakia meza tulikubaliana na babu: kila klabu ikitaka kuchapa, tumpe habari siku moja kabla. Angetuwekea samaki wa mshipi peke yake, juu ya gunia, nje ya tenga, ubavu wa kuchapa ukiwa juu, nasi tungemlipa bei ya samaki wa daraja la kwanza.